Neno la Baba Agnes

Wilfred hayupo tena chuoni. Ukiwauliza wakufunzi watakwambia "amepumzika masomo", maana watu wa kanisa hatupendi kusema kwamba mtu ameanguka. Mimi sina adabu hiyo. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na nasema wazi kwamba Wilfred aliharibu. Aliharibu kwa heshima zote, shati limechomekewa na shikamoo ipo mdomoni, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angeharibu kwa kiburi ningemsema vizuri, nikalala usingizi wangu.

Alikuwa Mpangwa wa Ludewa, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. Kwao baba akikohoa nyumba nzima hunyamaza. Baba yake alipofariki, baba zake wadogo walikaa kikao wakagawana watoto, na mama hakuulizwa hata kama amekula. Wilfred alisimulia habari hiyo bila kinyongo, kama anaeleza jinsi mvua inavyonyesha kwao. Kilichomleta Morogoro ni kaka yake, aliyemalizwa na pombe ya ulanzi akiwa bado kijana. Siku ya maziko Wilfred aliwatazama waliobeba jeneza, akaona wamelewa wote, akajisemea kwamba lazima awepo mtu wa kukaa na vijana kabla hawajafika pale. Ndipo akaja kwetu, chuo kidogo cha madhehebu yote upande wa Mazimbu, kusomea huduma ya vijana na tamaduni. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri wa Singida, na tulikaa pamoja darasani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa na mtu asiyecheka.

Maana kusema ukweli kipaji cha vijana hakuwa nacho. Mpira hajui, gitaa hajui, utani ndiyo kabisa. Alichokuwa nacho ni heshima, tena ya kupitiliza. Alimwamkia shikamoo mlinzi wa geti aliyemzidi umri kidogo tu, mpaka mlinzi akaanza kujiangalia kwenye kioo. Katika somo la tamaduni mkufunzi wetu alipenda kurudia, "Ukifika ugenini usikimbilie vijana. Mtafute kwanza mwenye nyumba, piga hodi kwake." Sisi wengine tuliandika tukasahau. Wilfred aliliweka neno lile moyoni kama amri ya kumi na moja.

Mwaka wa pili tulipangiwa mazoezi, mimi na yeye, kwenye kigango kimoja juu ya Matombo. Hapo pakawa na taabu ya kwanza, nayo ni jina. Anayejua Kiswahili cha mjini anajua jina lile linafanana na nini, na vijana wa Morogoro wamelifanyia mzaha mpaka mzaha wenyewe umechoka. Wilfred hakulitamka hata mara moja. Alisema "kule misheni". Siku ya kwenda, kijana wa bodaboda alimuuliza anashuka wapi.

"Misheni."

"Misheni ipi, braza? Huku misheni ziko kibao."

"Ile ya milimani. Barabara ya Kisaki."

"Aah, Matombo! Si useme tu?"

"Hiyo hiyo," Wilfred akasema, akitazama pembeni. Kijana alicheka mpaka akasahau kupandisha stendi ya pikipiki.

Waluguru wenyewe, wenyeji wa kule, hawacheki. Kwao jina lile ni la majabali mawili yaliyosimama kifuani mwa mlima kama maziwa ya mama, basi. Lina maana nyingine pia, kubwa kuliko hiyo, na kuuliza si ujinga. Lakini mtu anayeona haya kulitamka neno ataliulizaje?

Mimi nilipewa chumba kwa mama Agnes, na Wilfred akapewa kijumba nyuma ya kigango, yaani lile kanisa dogo la kijiji ambalo padri hulifikia kwa nadra na katekista ndiye anayelilea. Nimesema kwa mama Agnes, sikusema kwa Fransisko, ingawa Fransisko alikuwa mumewe na nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Alitoka upande wa Kinole, akaoa hapo, akahamia. Sijaona mtu anayefanya kazi kama yule. Alipanda mikarafuu kwenye miteremko ambayo nyani wangeifikiria mara mbili. Alichonga ngazi za udongo kwenye njia ya kisimani ili mkewe asiteleze, mvua ikizibomoa anachonga nyingine. Ila ukimuuliza migomba hii itakatwa lini, anasema, "Ngoja nimuulize mama Agnes, naye atamuuliza Athanas." Athanas alikuwa kaka mkubwa wa mama Agnes, anaishi ng'ambo ya kijito, anapeleka mdalasini na karafuu mjini kuuza. Kwenye mikusanyiko Fransisko alikaa karibu na mlango, akicheka baada ya wenzake kumaliza kucheka. Nikadhani ni bwege tu aliyekaliwa na mke.

Huduma yetu ilianza vibaya. Jumamosi ya kwanza vijana walikuja kwa sababu ya soda. Iliyofuata walichungulia dirishani, wakaona hakuna soda, wakaondoka. Baada ya hapo wavulana wote walikuwa kwenye kijiwe cha bodaboda, wasichana wamebeba watoto wao mgongoni kuelekea shamba, na Wilfred alikaa peke yake mbele ya mabenchi matupu akiwa na Biblia na kipaza sauti cha kukopa. Nilimkuta hivyo mara nyingi. Mara moja aliniambia, bila kuinua kichwa, "Joyce, nafikiri Mungu alikuwa anaita mtu mwingine, mimi nikaitika." Ningemjibu nini, wakati nilikuwa nafikiri vilevile?

Aliyetuokoa ni Agnes, binti wa nyumba niliyolala. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akapata alama za kumtosha mtu kusoma mbele lakini hazikumtosha serikali kumchagua, basi akabaki anachambua karafuu na bibi yake. Alimhurumia Wilfred. Akashuka kijiweni, akawasema wale wavulana mmoja mmoja kwa majina ya utotoni mwao, akawachekesha, akawakumbusha nani alilia siku ya kipaimara, na Jumamosi ile kigango kilijaa. Aliwapanga wakaimba. Aliwauliza maswali ambayo sisi wa chuo hatukuthubutu, kuhusu mimba, kuhusu pombe, kuhusu kwa nini mtu anahisi hana kesho, nao wakajibu. Mvulana mmoja alilia mbele ya wenzake na hakuna aliyemcheka.

Mtu mwingine angeona wivu. Wilfred alisimama nyuma karibu na ukuta, macho yanamng'aa. "Ni huyu," akaninong'oneza. "Ndiye aliyeitwa. Mimi nilitumwa kumwonyesha njia."

Kuanzia hapo hakuwa na jambo jingine. Alishuka mjini akamwona mkuu wa chuo, mkuu akakubali kumpokea Agnes muhula unaofuata. Akaenda misheni, padri akasema parokia itamsomesha, mradi nyumbani kwake wakubali. Kilichobaki ni hicho tu, ruhusa ya nyumbani. Wilfred alirudi akitembea kama mtu aliyeshushwa mzigo. Agnes akiingia chuoni, basi kaka yake Wilfred hakufa bure, na Wilfred mwenyewe hakuitika bure. Hayo aliyasema wazi, na mimi niliogopa kidogo kuona mtu ametundika maisha yake yote kwenye msumari mmoja.

Bibi yake Agnes alijaribu kumsaidia. Tulikuwa uani tukichambua karafuu kwenye mkeka, Wilfred akapita.

"Mwalimu, nasikia unataka mjukuu wangu aende chuo cha dini."

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, ingawa asubuhi umeshaniamkia. Haya, umekwenda kuwaona wenye tombo?"

Wilfred akawa kama mtu aliyebugia uji wa moto. "Bibi, tutaongea siku nyingine."

"Siku ipi? Mtoto ni wa tombo, mwalimu. Usipite pembeni."

"Kuna watoto wananingoja kigangoni, bibi," akasema, na miguu ile mirefu ikampeleka haraka. Mimi nilicheka hadi nikamwaga karafuu, nikidhani bibi anamtania kapera. Bibi hakucheka. Alizizoa karafuu zangu, akatikisa kichwa.

Tombo, kwa Kiluguru, ni titi. Na kwa sababu ni titi, ni ukoo pia, wale wote wanaotokana na mama mmoja, yeye na binti zake na watoto wa binti zake. Baba hayumo. Baba ana tombo lake, kwa mama yake. Ardhi ni ya tombo, watoto ni wa tombo, na msemaji wa tombo ni mjomba. Nilikuja kuelezwa na Agnes baadaye, kwa maneno machache, kama unavyomwonyesha mgeni choo kilipo. Akaongeza jambo moja ambalo sijalisahau. Mwanamume wa pale asiye na neno kwa wanawe huwa na neno kwa wapwa zake, na ndivyo mizani inavyokaa sawa. Lakini Fransisko alizaliwa peke yake. Hakuwa na dada, kwa hiyo hakuwa mjomba wa mtu. Ulimwengu mzima hapakuwa na mtoto hata mmoja ambaye habari zake angeulizwa yeye.

Wilfred akaenda kwa Fransisko.

Alikwenda kwa desturi ya kwao, na ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alibeba sukari, majani ya chai na sabuni kwenye mfuko mpya. Alipiga hodi mlangoni ingawa mlango ulikuwa wazi. Fransisko alikuwa ametoka shamba, kifua wazi, anajikwangua matope. Wilfred akapiga goti moja chini, mbele yangu, mbele ya kuku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mama Agnes yuko jikoni, ngoja nimwite."

"Hapana, baba. Nimekuja kwako. Wewe ndiye mwenye nyumba, na mimi nina ombi."

Fransisko alitazama nyuma yake, kama kuna mtu mwingine amesimama pale anayeambiwa. Kisha akamwomba Wilfred amsubiri. Aliingia ndani akanawa, akavaa shati la kanisani na koti lililokaa kifuani kwa kubana, akatoka amebeba kiti chenye mgongo, akakiweka katikati ya uwanja, akakaa. "Sema, mwanangu," akasema, na sauti yake haikuwa ile niliyoizoea.

Wilfred alisema yote. Kipaji cha Agnes, chuo, padri, kwamba atalala bweni la wasichana chini ya uangalizi. "Wewe ndiye baba yake," akamalizia. "Bila neno lako siwezi kumgusa. Ukisema hapana nitaondoka na sitarudia."

Jikoni mwiko ulikuwa umesimama. Nilimwona mama Agnes mlangoni, mkono umeshika ukuta, mdomo umefunguka kutaka kusema. Alimtazama mumewe pale kwenye kiti. Akafunga mdomo, akarudi kwenye moshi.

"Nimekubali," Fransisko akasema. "Mimi baba yake nimekubali. Mtoto aende." Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta.

Usiku huo nilimuuliza mama Agnes kwa nini anasonya peke yake. Akanijibu, "Miaka yote hii hajawahi kuombwa kitu, mwanangu. Ningemkatizaje?" Nilidhani anaongelea mapenzi. Alikuwa anaongelea hatari.

Labda mambo yangetengenezeka kama yangeishia uani. Athanas alikuwa mjini na karafuu zake, angerudi, angeenda kuonwa kimyakimya, yangekwisha. Lakini Jumapili, wakati wa matangazo, katekista Gabrieli aliuliza kama kuna mwenye neno, na Fransisko wa karibu na mlango akainuka. Akapita katikati ya kanisa mpaka mbele. "Nawatangazia," akasema, "kwamba mimi, baba yake Agnes, nimemtoa mwanangu akasome kazi ya Mungu. Nimeombwa, nimekubali." Wilfred alipiga makofi. Alipiga peke yake. Watu walitazamana, mama mmoja akaguna, bibi akainamisha kichwa chini kabisa. Kumwaga mtama kwenye kuku wengi ni kitu kidogo ukilinganisha na lile alilofanya Fransisko, na alijua. Ndipo nilipotambua kwamba alijua tangu mwanzo. Alikuwa anajua kama anavyojua jina lake, akachagua kusema, kwa sababu ya utamu wa kulisema.

Athanas aliporudi hakupiga kelele. Ningependa niwaambie alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi kwangu. Alikuwa mtu mzima mtulivu, mwenye miwani, aliyetukaribisha mimi na Wilfred akatupa ndizi na chai. Wilfred alikuwa ameshaelezwa na katekista, na uso wake ulikuwa umekwisha. Alipiga goti tena, mara hii magoti yote mawili.

"Inuka, mwalimu," Athanas akasema. "Wewe ni mgeni, sina neno na wewe. Wala sina neno na chuo. Ungekuja kwangu ningesema ndiyo siku hiyohiyo. Huyo mtoto ana akili, mimi mwenyewe nilikuwa natafuta wapi pa kumpeleka."

Nilimwona Wilfred anafumba macho.

"Basi, mjomba, sema ndiyo sasa," nikadakia mimi, ambaye sikuulizwa.

"Sasa nitasemaje, binti? Shemeji yangu ametangaza kanisani kwamba amemtoa. Nikikaa kimya mtoto akaenda, nimekubali kwamba baba ana neno. Kesho baba mwingine atatoa shamba. Keshokutwa mwingine atauza ardhi ya bibi zetu kwa watu wa mjini, na watasema Athanas ndiye aliyefungua mlango. Wazee wa tombo wameshakaa na wanasema hivi. Alisema mbele ya watu, arudi mbele ya watu aseme hakuwa na haki. Akishasema tu, mimi nasimama palepale nampa mtoto baraka zangu. Sitachelewesha hata wiki."

Ilikuwa hukumu ya haki, kwa jinsi yao. Ndiyo maana haikuwa na pa kuishika. Muhula ulikuwa unakaribia, padri ameshaanza kuuliza, na Agnes alikuwa amefunga nguo zake kwenye begi la shule lililoshonwa zipu upya. Kilichobaki ni Fransisko kulimeza neno lake.

Nani amwambie? Mama Agnes alikataa. Gabrieli alikataa. Wilfred akasema ni yeye aliyeleta, ni yeye atakayeondoa.

Tulimkuta Fransisko kwenye ngazi zake za kisimani, anatengeneza zilizobomoka. Alimwona Wilfred akanyoosha mgongo, akatabasamu, kwani tangu siku ile alimpenda kama mwanawe. Wilfred akamwamkia. Akamweleza alivyosema Athanas. Alieleza vizuri, kwa ile sauti ya chumba cha wagonjwa, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unaniomba," Fransisko akasema.

"Nakuomba, baba. Kwa ajili ya Agnes."

"Mara ya kwanza uliniomba niwe baba yake. Sasa unaniomba nisiwe."

Fransisko aliupiga udongo kwa jembe mara kadhaa, taratibu, akiusawazisha mahali ambapo palikuwa tayari pamesawazika.

"Ungejua tu, mwalimu," akasema, "ungeniacha nilivyokuwa. Nilikuwa nimezoea." Halafu akasema ndiyo, atasema Jumapili, kwa sababu hata hilo aliombwa kwa heshima.

Tuliporudi kijijini, nilipomwacha Wilfred mlangoni kwake, alishika kizingiti akaniuliza, "Joyce, sisi tunasomea nini?" Nikamwambia akalale. Watu tunaojifunza kuingia katika nyumba za watu kwa jina la Mungu tunapaswa kujua nyumba ina mlango upi, na kama hatujui, tukae nje na wanaonyeshewa mvua. Haya nayasema leo kwa hasira. Siku ile nilikuwa na uchovu tu.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Waliokuja hawakuja kwa ajili ya Neno. Athanas alikaa benchi la mbele na wazee wawili wa tombo, Agnes na mama yake upande wa wanawake, na Wilfred akasimama nyuma karibu na ukuta, palepale alipowahi kusimama akifurahi. Gabrieli aliharakisha sala. Alipofika kwenye matangazo hakuuliza kama kuna mwenye neno, alitazama tu kuelekea mlangoni.

Fransisko alipita katikati. Hakuvaa koti.

"Wiki ile nilisimama hapa," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akakohoa, akaanza upya. "Nilisimama hapa nikasema nimemtoa mwanangu. Nilikosea. Mtoto si wangu wa kumtoa. Mtoto ana wenyewe. Mimi ni mume wa mama yake. Sina neno." Akawa kama amemaliza, kisha akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, "Sina neno kwa Agnes."

Hakuna aliyeguna. Athanas akainuka upesi, na nakiri alikuwa na uso wa mtu mwenye huruma. Alimshika shemeji yake bega. "Yamekwisha," akasema. "Sisi wenye tombo tumesikia na tumeridhika. Na mimi mjomba wake, mbele yenu wote, nampa Agnes ruhusa aende chuo, na baraka zangu juu yake. Padri ameahidi, mwalimu atampeleka. Agnes, mama, njoo mbele."

Agnes alikwenda mbele. Nilimwona Wilfred anajitenga na ukuta, amebana mikono kifuani, midomo inakwenda kama anasali.

"Mjomba, nashukuru," Agnes akasema. "Siendi."

Mtu mmoja nje alicheka, akadhani hakusikia vizuri. Athanas aliondoa mkono begani kwa Fransisko. "Unasemaje?"

"Siendi, mjomba. Sitasoma kazi ya Mungu kwa gharama ya baba yangu kukanwa na mdomo wake mwenyewe. Nitafundisha nini watoto wa watu?" Alikuwa analia, lakini maneno yalitoka yamenyooka. Wazee wawili walianza kunong'ona. Mama Agnes alijifunika uso kwa upande wa kanga. Wilfred alifika katikati ya kanisa, akasema, "Agnes, tafadhali," na Agnes hakumtazama.

Ndipo Fransisko akamgeukia binti yake. Alikuwa amesimama kama mtu aliyevuliwa nguo, lakini alimgeukia, akamshika mikono yote miwili.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nimesema yote yale ili wewe uende. Nenda. Mimi baba yako nakuambia nenda."

Agnes akamtazama machoni.

"Umesema huna neno kwangu, baba," akasema. "Kanisa zima limesikia. Nitakutiije?"

Fransisko akafungua mdomo kumjibu. Halikutoka neno. Akageuka akamtazama shemeji yake Athanas, akamtazama kama anaomba ruhusa ya kusema, na Athanas akainamisha macho chini.